Bodi ya kwanza ya DSP: sauti itaingilia wapi?

Bodi yangu ya kwanza ya DSP, yaani ya kuchakata sauti kwa namba, ilikaa kabatini miezi minne bila kutoa sauti hata moja. Haikuwa mbovu. Nilipoichomeka kwenye USB taa zake ziliwaka vizuri, na programu ya kuwasha na kuzima taa ilikubali mara ya kwanza. Kilichokosekana ni mahali pa kuchomeka sauti. Siku ya kuinunua nilisoma mstari mmoja tu wa maelezo, ule wa megahezi (MHz, mapigo milioni kwa sekunde, yaani kasi ya prosesa), na muuzaji naye akanisaidia nisisome zaidi: "Kaka, hii ni moto. Kwa bei hii hupati yenye kasi kama hii." Hakudanganya. Kasi ilikuwepo, ila haikuwa na cha kufanyia kazi.

Tangu hapo vijana wanaoanza wameniuliza mara nyingi wanunue bodi ipi, na karibu wote huanza na swali la kasi. Basi na mimi nianzie huko huko, hesabu ya kasi iishe tuiweke pembeni.

DSP ni kuchakata mawimbi yakiwa yamegeuzwa namba. Sauti inatikisa kiwambo cha maikrofoni, maikrofoni inatoa volti zinazopanda na kushuka, chipu inazipima volti hizo maelfu ya mara kwa sekunde na kila ikipima inaandika namba. Kila kipimo ni sampuli. Mitambo ya simu ya kidijitali ilizoea sampuli 8,000 kwa sekunde, CD ina 44,100, na vifaa vingi vya studio na video hutumia 48,000. Namba zikishapatikana, kazi inayobaki ni kuzidisha na kujumlisha: unachukua sampuli ya sasa na chache zilizotangulia, kila moja unaizidisha kwa namba yake, unajumlisha, unatoa jibu. Kupunguza besi, kuondoa mngurumo, kuweka mwangwi, kutambua noti ya gitaa, yote ukiyafunua ndani utakuta kuzidisha na kujumlisha. Chipu zilizokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, kama TMS32010 ya Texas Instruments, zilitengenezwa kwa ajili ya tendo hilo moja, kwa kuwa prosesa za kawaida za wakati ule zilikuwa zikihema kwenye kuzidisha.

Leo hazihemi tena. Chukua STM32F4 Discovery, bodi ya STMicroelectronics iliyotoka mwaka 2011 na ambayo hakuna anayeiita mpya. Saa yake inapiga mara milioni 168 kwa sekunde. Ukichukua sampuli 48,000 kwa sekunde, gawanya: unabaki na mizunguko (mapigo ya saa) 3,500 kwa kila sampuli. Kichujio kidogo kinachotumika kuliko vyote, baikwadi, kinahitaji kuzidisha mara tano. Tano! Ongeza na muda wa kutoa namba kwenye kumbukumbu na kuzirudisha, bado umetumia makumi machache kati ya 3,500. Teensy 4.1, inayokwenda MHz 600, inakupa zaidi ya mizunguko 13,000 kwa kila sampuli ya 44,100. Mwanafunzi hawezi kuimaliza bajeti hiyo kwa mwaka wake wa kwanza, labda akosee.

Ninayemtoa kwenye orodha kwa sababu ya uwezo ni mmoja tu, Arduino Uno ile ya zamani (R3). Kwa sampuli 8,000 inaonekana ina mizunguko 2,000 ya kutumia, lakini prosesa yake ni ya biti 8 (inashika tarakimu nane tu za 0 na 1 kwa mkupuo), kuzidisha namba mbili za desimali kunaila zaidi ya mizunguko mia, na kumbukumbu yake ni kilobaiti 2. Sampuli 1,024 za biti 16 zinaijaza yote, hakibaki hata cha kuweka jibu. Ni bodi nzuri ya kuwashia taa na kupima joto. Kwa sauti, mwachie aliyewahi kuteseka.

Kasi tumeimaliza. Sasa masikio na mdomo.

Pini ya kawaida ya bodi hizi hupokea volti kati ya 0 na 3.3. Sauti inayotoka kwenye tundu la hedifoni la simu haikai humo: inapanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, nusu ya wimbi ni chanya na nusu ni hasi. Ukiunga waya moja kwa moja, nusu ya chini inakatwa, na bahati ikikuacha utaiumiza pini. Dawa ni rezista mbili za kilo-ohm 10 zinazogawa 3.3 katikati, na kapasita inayoipitisha sauti iketi juu ya volti 1.65. Si kazi ngumu, fundi redio yeyote ataifanya huku anapiga soga. Lakini hiyo ndiyo nusu rahisi.

Nusu ngumu utaielewa ukiwasha pangaboi na kulirekodi kwa simu. Kwa macho linazunguka kwa kasi. Kwenye video mapanga yanatambaa, mara nyingine yanarudi nyuma. Kamera inapiga picha mara 30 kwa sekunde, na panga likisogea sana kati ya picha na picha, kamera inalikuta mahali pasipo pake na kutunga hadithi nyingine. Sampuli za sauti ni vivyo hivyo. Ukipima mara 8,000 kwa sekunde, sauti yoyote iliyo juu ya Hz 4,000 (mitikisiko 4,000 kwa sekunde) haipotei, inajikunja na kurudi chini ikiwa na sura nyingine. Mluzi wa Hz 5,000 utausikia kama mluzi wa Hz 3,000, na ukishaingia kwenye namba hakuna kichujio duniani cha kuutofautisha na mluzi halisi wa 3,000. Lazima uzuiwe kabla ya kupimwa, wakati bado ni volti. Pini ya bodi haina kizuizi hicho.

Kodeki inacho. Kodeki ni chipu ndogo inayokaa kati ya tundu la sauti na prosesa: inapima ndani, inageuza namba kuwa sauti nje, na imebeba vichujio vya kuzuia sauti za juu zisijikunje. Ikiwepo kodeki kwenye bodi, na matundu yake mawili, la kuingiza na la kutoa, umenunua masikio na mdomo. Isipokuwepo utavijenga mwenyewe kabla hujajifunza chochote kuhusu DSP. Kwangu mimi hiki ndicho kigezo cha kwanza, na nimeona watu werevu wakikata tamaa hapa hapa, kwenye nyaya, wakiamini kwamba hesabu ndizo zimewashinda.

Kigezo cha pili ni aina ya namba ambazo prosesa inazijua, na hapa nitakaa kidogo.

Chipu nyingi za zamani, na za bei ndogo hadi leo, hufanya hesabu za nukta isiyohama: una biti 16, unaamua mapema nukta ya desimali ikae wapi, basi imekaa hapo. Prosesa zenye kitengo cha nukta inayohama huisogeza nukta zenyewe kulingana na ukubwa wa namba. Vitabu hulieleza jambo hili kwa kurasa nyingi. Mimi nitalieleza kwa mngurumo wa umeme.

Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, na mngurumo wake unaingia kwenye rekodi nyingi za watu wasio na vifaa vya gharama. Nataka baikwadi inayochimba shimo jembamba kwenye Hz 50 na kuacha vingine vyote. Mahali shimo linapokaa panaamuliwa na namba moja: mara mbili ya kosaini ya pembe inayolingana na Hz 50. Kwa sampuli 48,000 namba hiyo ni 1.99995716. Sasa iweke kwenye biti 16. Kwa kuwa inakaribia 2, biti 14 tu ndizo zinazobaki kwa ajili ya desimali, kwa hiyo ngazi moja ya namba ni sehemu ya 16,384 ya moja. Ngazi iliyo karibu zaidi na ninachotaka ni 32,767 gawanya kwa 16,384, yaani 1.99993896. Tofauti inaonekana kwenye tarakimu ya tano ya desimali, nani angeijali? Rudi nyuma, uliza namba hiyo mpya ni ya pembe gani, ya hezi ngapi. Jibu ni Hz 59.7. Nimekaa Dar es Salaam nikachimba shimo la kuondoa mngurumo wa Marekani, maana huko ndiko umeme ni wa Hz 60, na mngurumo wangu umebaki palepale ukinicheka.

Kwa nukta inayohama ya biti 32, hesabu hiyo hiyo inakosea chini ya sehemu ya kumi ya hezi moja. Ndiyo maana anayeanza namwambia anunue prosesa yenye kitengo cha nukta inayohama, kama Cortex-M4F au Cortex-M7 za Arm, aahirishe maumivu ya aina ile nyingine hadi siku atakapoyahitaji kazini. Kuna dawa nyingine inayofunza zaidi: punguza sampuli ziwe 8,000. Pembe inakuwa kubwa, namba inakuwa 1.998458, na biti 16 zile zile zinalipeleka shimo kwenye Hz 49.7. Kasi kubwa ya sampuli, ambayo matangazo huiuza kama sifa, hapa ndiyo iliyokuwa imeniangusha.

Onyo moja dogo kwa wanaotumia lugha ya programu ya C kwenye Cortex-M4F. Kitengo chake kinajua desimali za biti 32 pekee. Ukiandika 0.5 badala ya 0.5f, C inaichukulia kuwa ya biti 64, na prosesa inaifanya kwa programu, polepole. Niliwahi kutafuta usiku kucha kwa nini kichujio changu kinakwama. Ilikuwa ni hiyo herufi f.

Sasa bodi zenyewe.

Kama chuo chako bado kinafundishia C6713 DSK ya Texas Instruments, itumie ukiwa maabara. Ina MHz 225, nukta inayohama, kodeki na matundu yake pembeni; kwa wakati wake ilikuwa bodi kamili, na mazoezi mengi ya vyuoni yaliandikwa juu yake. Usiinunue kwa pesa yako. Haizalishwi tena, na programu yake ni ya enzi za Windows XP.

STM32F4 Discovery inapendwa kwa bei na kwa wingi wa mifano, na chipu ya kupakia programu imo humo humo kwenye bodi. Ila iangalie vizuri. Tundu lake la sauti ni la kutoa tu. Sikio lake ni maikrofoni ndogo ya kidijitali inayosema lugha ya biti moja moja kwa kasi kubwa, na kabla hujapata sampuli ya kawaida lazima biti hizo zichujwe na kupunguzwa. Ni somo zuri sana la DSP, lakini ni la sura ya tisa, na bodi inakudai uanze nalo. Dada yake, STM32F746G Discovery, ana tundu la kuingiza na la kutoa, kodeki, Cortex-M7 ya MHz 216, na kioo cha kuchorea wimbi unaloliona likibadilika. Ghali zaidi, na kwa maoni yangu inastahili. Zote mbili zinatumia CMSIS-DSP, laibrari ya bure kutoka Arm yenye vichujio na FFT (hesabu ya kuichambua sauti katika masafa yake) vilivyokwisha kunolewa. Utaandika baikwadi yako kwa mkono mara moja ili uielewe, kisha utatumia ya kwao.

Teensy 4.0 au 4.1 ikiwa na ubao wake wa sauti ndiyo ninayompa asiyetaka kuanza na vitabu vya rejista, yaani swichi za ndani ya chipu. Unachora njia ya sauti kwa kuburuta visanduku, chombo kinakuandikia msimbo, na ndani ya saa moja unasikia kitu. Mambo mawili hayasemwi sana. Tundu la hedifoni lipo, lakini laini ya kuingiza sauti ni vitobo vinavyosubiri lehemu yako. Na bodi haina njia ya kuisimamisha programu katikati ya mstari ili uchungulie namba zilizomo. Utategemea kuandika ujumbe kwenye skrini ya kompyuta.

ADAU1701 ya Analog Devices ni mnyama mwingine. Hupati kuandika C kabisa. Unaburuta visanduku kwenye SigmaStudio, programu ya bure ya Windows, na chipu inatekeleza hatua 1,024 kwa kila sampuli ya 48,000, hazizidi. Nia yako ikiwa ni kugawa sauti ya spika, besi huku na tuita (spika ya sauti nyembamba) kule, kama wanavyofanya mafundi wa muziki wa magari, usitafute kingine. Nia ikiwa ni kujifunza kuandika DSP, itakunyima.

ESP32 ndiyo utakayoikuta kirahisi Kariakoo au Luthuli Avenue, na bei yake haiogopeshi. Usitumie pini zake kupima sauti, vipimo vyake vinapinda karibu na mwisho wa volti. Nunua pamoja nayo maikrofoni ya INMP441 na amplifaya ya MAX98357A, vyote vinaongea na prosesa kwa I2S, njia ya kupitishia sauti ya kidijitali, nyaya chache tu, na hapo una masikio na mdomo. Kwa mfuko mwembamba hii ndiyo njia. Ukiona bodi ya ESP32 iliyokwisha kuwekewa kodeki, soma maandishi madogo yaliyo juu ya chipu yenyewe, usiridhike na tangazo. Niliwahi kuletewa moja ambayo maelezo yake yalitaja kodeki moja na iliyolehemewa ilikuwa nyingine kabisa. Siku tatu za ukimya, kisha kioo cha kukuzia kikanionyesha ukweli.

Anayetaka redio badala ya sauti, bodi hizi zote zimpite. Anunue kidude cha RTL-SDR, kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye USB, na asakinishe programu ya GNU Radio.

Kabla ya kulipia yoyote, kuna bodi ambayo tayari unayo. Rekodi chumba chako kwa simu, faili ulihamishie kwenye kompyuta, ulifungue kwa Python yenye SciPy au kwa GNU Octave, programu za hesabu, zote za bure, uchore masafa yaliyomo. Mngurumo wa umeme ukiwemo, kibonge chake kitajitokeza chenyewe. Tengeneza kichujio hapo hapo, sikiliza. Kama hilo limekuchosha, bodi haitalifanya litamu zaidi. Kama limekukosesha usingizi, namba za kichujio ulizozipata ndizo utakazozihamishia kwenye bodi.

Na bodi ikifika, usikimbilie vichujio. Programu ya kwanza ni ya kupitisha sauti ilivyo, iingie tundu hili itokee lile bila kuguswa. Inaonekana ya kitoto, lakini ndani yake kuna fundisho ambalo kompyuta haikukupa: sauti haisubiri. Bodi haichakati sampuli moja moja, inazichota kwa ndoo. Ni kama bomba la mtaani lenye ndoo mbili: moja inajaa wakati nyingine unaimimina kwenye pipa, kisha unabadilisha. Ndoo ya sampuli 128, kwa 44,100 kwa sekunde, inajaa kwa milisekunde 2.9. Ukichelewa kurudi, maji yanamwagika, na masikioni unasikia "tk, tk, tk" isiyokoma. Ndoo kubwa inakupa muda wa kupumua, ila sauti inachelewa kutoka. Mpiga gitaa atalalamika, mpima mngurumo hatagundua.

Kwangu usiku huo ulipita hivi. Sauti ilipita, safi, ikiwa na mngurumo wake. Nikaweka baikwadi ya Hz 50. Mngurumo ukapungua, haukwisha: 50 iliondoka, lakini 100 na 150, watoto wake, walibaki wakiimba. Nikaongeza baikwadi mbili, jumla kuzidisha mara 15 kati ya ile mizunguko 3,500. Kimya. Nikaita wa nyumbani waje wasikilize. Nikiwa nawaeleza, nikachomoa chaja ya laptopu ili nisogeze meza, nikavizima vichujio niwaonyeshe mngurumo ulivyokuwa, na haukuwepo.